Mke yuko Ujerumani, mume na watoto wako Dodoma: nani anaweza kumfuata, na kwa kibali gani?

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Nkuhungu, Dodoma. Mke wangu ni muuguzi. Alikwenda Ujerumani mwaka 2023, akapitia mafunzo ya kutambuliwa kwa cheti chake, na Agosti 2024 akapewa kadi mpya ya ukaazi kama muuguzi kamili. Tuna mtoto mmoja wa miaka saba. Nina pia binti wa miaka 15 niliyempata kabla ya ndoa. Analelewa na mama yangu Kondoa, na mama yake mzazi yupo Singida. Mke wangu anataka twende wote, na mama mkwe wangu naye akae naye huko. Wapo wanaoniambia lazima kwanza nifaulu mtihani wa Kijerumani. Wengine wanasema nichukue viza ya matembezi, nikifika nibadilishe hukohuko. Nianzie wapi?

Jibu: Mwalimu, anzia kwenye kadi ya mkeo, kabla hujagusa fomu yoyote. Ndoa peke yake haitoshi kukupa haki ya kumfuata. Haki hiyo inafungamana na aina ya kibali alichonacho yeye aliyetangulia. Mwambie apige picha kadi yake ya ukaazi pande zote mbili akutumie. Kwenye sehemu ya maelezo kumeandikwa namba ya kifungu cha Sheria ya Ukaazi ya Ujerumani. Kwa maelezo yako nategemea utaona 18a, kifungu cha watu wenye ujuzi wa fani uliokwisha kutambuliwa, wauguzi wakiwemo. Ukiona 16d, maana yake serikali bado inamhesabu kuwa yuko kwenye hatua ya kutambuliwa. Ukiona 16a, yeye ni mwanafunzi wa mafunzo ya kazi, yale Wajerumani wanayoyaita Ausbildung. Wauguzi wawili kutoka Dodoma wanaweza kufanya kazi wodi moja, zamu moja, halafu mmoja akamleta mumewe kwa urahisi na mwenzake akasota, kwa sababu ya namba hiyo tu.

Kama ni 18a, mambo mawili makubwa yamekuwa mepesi kwako. La kwanza ni lugha. Kanuni ya jumla inamtaka mwenzi anayefuata aonyeshe cheti cha Kijerumani cha ngazi ya A1, ile ya mwanzo kabisa, ndiyo maana watu wanakutisha na mtihani. Lakini mwenzi wa mtu mwenye kibali cha 18a ameondolewa sharti hilo, sawasawa na mwenzi wa mwenye Kadi ya Bluu ya Umoja wa Ulaya, kibali cha wataalamu wa elimu ya juu. La pili ni nyumba. Kanuni ya kawaida inataka uthibitisho wa nafasi ya kutosha ya kuishi, na ofisi nyingi hupima kwa mita 12 za mraba kwa kila mtu mwenye umri wa zaidi ya miaka sita. Tangu Machi 2024, wataalamu wa kundi la mkeo hawadaiwi tena uthibitisho huo kwa ajili ya mwenzi na watoto wadogo. Angekuwa na 16a, masharti yote mawili yangebaki, na posho ya mafunzo ingekuwa ndogo mno kubeba familia. Watu wa namna hiyo huwa nawashauri wasubiri hadi mafunzo yaishe.

Pamoja na msamaha huo, jifunze Kijerumani. Sisemi hivyo kwa ajili ya ubalozi. Wewe ni mwalimu, na ualimu wa shule za serikali Ujerumani ni taaluma inayodhibitiwa na majimbo, na majimbo yako 16, kila moja na taratibu zake. Kwa kawaida wanataka masomo mawili ya kufundishia na Kijerumani cha juu sana, C1 au C2. Shahada yako ya fizikia au historia haitakuingiza darasani mwaka wa kwanza, na pengine hata wa tatu. Utaruhusiwa kufanya kazi tangu siku unapopata kibali cha mwenzi, kazi yoyote, bila kuomba ruhusa nyingine. Sheria iko wazi. Ila ruhusa ya kazi na kazi yenyewe ni vitu viwili. Nimewaona wanaume wazima, waliokuwa na heshima zao hapa, wakikaa nyumbani miezi wakimsubiri mke arudi zamu kwa sababu hawawezi kuongea na mwenye duka. Taasisi ya Goethe iko Dar es Salaam na inatoa kozi na mitihani. Ukifika na A2 au B1 mkononi, hata ukitaka kuingia kwenye mafunzo ya fani nyingine, milango itafunguka.

Sasa hela. Kwa mume au mke anayemfuata mfanyakazi, sheria haikutaja kiwango kimoja cha mshahara. Inataka familia ijitegemee bila kuomba msaada wa serikali, na maofisa wanapima kwa kutumia viwango vya msaada huohuo wa kijamii. Kwa viwango vilivyoanza 2024, watu wazima wawili wanaoishi pamoja huhesabiwa yuro 506 kila mmoja kwa mwezi, mtoto wa miaka 6 hadi 13 yuro 390, na wa miaka 14 hadi 17 yuro 471. Juu yake unaongeza kodi ya nyumba pamoja na gharama za joto. Tuseme mkeo analipa pango la yuro 1,000. Wewe, yeye na mdogo mnafika yuro 2,402. Ondoa posho ya mtoto inayotolewa na serikali kwa kila mtoto, ambayo tangu Januari 2026 ni yuro 259, inabaki 2,143. Hiyo ndiyo inayopaswa kuonekana baada ya kodi na makato, si mshahara mzima wa kwenye mkataba. Ukimwongeza binti yako mkubwa pamoja na posho yake, inapanda hadi takribani 2,355. Ofisi nyingine hupunguza kidogo mapato ya kazi kabla ya kulinganisha, kwa hiyo mkeo akiwa ananing'inia pembeni mwa hesabu hiyo, aombe kwanza nyongeza ya saa za kazi au atafute pango nafuu. Bima ya afya isiwatie hofu: akiwa kwenye bima ya umma, mume asiye na kipato na watoto huingia chini yake bila mchango wa ziada.

Hapo ndipo wengi wasipopaelewa: anayeamua si ubalozi peke yake. Maombi unayapeleka ubalozi wa Ujerumani Dar es Salaam, lakini faili linatumwa kwenye ofisi ya wageni ya mji anaoishi mkeo, na ofisi hiyo ndiyo inayokagua mkataba wake wa kazi, hati za mshahara na pango, kisha inakubali au inakataa. Kwa hiyo kazi ya kufuatilia ni ya mkeo zaidi kuliko yako. Ukipiga simu Dar kila wiki utajibiwa kwa upole na hakuna kitakachosogea. Yeye akiandika barua pepe kwa ofisi ya mji wake akitaja namba ya faili, inasogea. Ada ya viza ya muda mrefu ni yuro 75 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto. Dalali yeyote anayekuambia ada ni milioni mbili kwa sababu ana mtu wake ubalozini, mkimbie.

Na hilo la kwenda na viza ya matembezi ukabadilishe hukohuko, liache kabisa. Viza hiyo ya matembezi, inayoitwa ya Schengen, inakupa siku 90 ndani ya kila siku 180 na si zaidi. Kwa Mtanzania, kibali cha kuungana na familia kinaombwa kutoka hapa, kwa viza ya taifa, yaani ile ya muda mrefu. Ukifika kule kwa matembezi na kuomba ubaki, ofisi itakuambia rudi ukaombe upya, na safari hii faili lako litakuwa na alama kwamba ulidanganya kuhusu lengo la safari. Zipo njia za pembeni chache kisheria, kwa mfano mtu aliyepata haki kamili baada ya kuingia, lakini hazikuhusu wewe ambaye ndoa yako ilikuwepo tangu zamani. Nilishapokea familia zilizotumia njia hiyo zikitaka msaada, na mara nyingi nilichoweza kuwasaidia ni kupanga vizuri safari ya kurudi.

Nyaraka za hapa nyumbani ndizo zitakazokula muda wako. Hujaniambia mlifunga ndoa ya aina gani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya kiserikali, ya kidini na ya kimila, ila ubalozi unasoma cheti, hausikilizi historia. Kama mlifunga kanisani au msikitini na mkapewa cheti cha serikali, sawa. Kama ilikuwa ya kimila, mahari ikapelekwa, ng'ombe wakahesabiwa na wazee wakabariki, lakini haikuwahi kusajiliwa, nenda ukaisajili. Ile dhana ya kifungu cha 160, kwamba watu walioishi pamoja miaka miwili wakachukuliwa na jamii kuwa mke na mume huhesabiwa wameoana, inasaidia mahakamani mnapogombea mali. Haitakupandisha ndege. Na nikuulize bila kukuudhi: una mke mwingine? Sheria yetu inaruhusu ndoa ya wake wengi, lakini Ujerumani haimpi mwenzi wa pili nafasi ya kuungana pale ambapo mmoja yupo tayari, na cheti chako kinaonyesha ni ndoa ya aina gani. Kama kimeandikwa kuwa ni ya wake wengi na wewe una mke mmoja tu, jiandae kuulizwa.

Halafu majina. Kwa uzoefu wangu hili ndilo linalochelewesha watu wa kanda ya kati kuliko sharti lolote la Wajerumani. Cheti cha kuzaliwa kina jina la babu, kitambulisho cha NIDA kina jina la ukoo, cheti cha kidato cha nne kina herufi moja imehama, na cheti cha ndoa padri aliandika alivyosikia. Weka nyaraka zote mezani, zako na za watoto, usome herufi kwa herufi. Pasipoti inafuata NIDA, kwa hiyo rekebisha NIDA kwanza, ndipo uende Uhamiaji. Ukifanya kinyume utalipa shilingi 150,000 za pasipoti mara mbili. Vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa unavihakiki RITA, wakala wa serikali wa usajili, uhakiki uleule wanaoufanya wanafunzi wanaoomba mkopo wa elimu ya juu. Tofauti ndogo ya tahajia huweza kuelezwa kwa kiapo mbele ya hakimu au wakili. Jina lililobadilika kabisa linataka hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Vyeti vyenye uhitaji wa muhuri wa Wizara ya Mambo ya Nje havikulazimu tena kwenda Dar, ofisi zao ziko Mtumba, hapo hapo Dodoma. Fuata orodha ya ubalozi yenyewe, ile ya viza ya familia, na tafsiri ya Kijerumani ifanywe na mtafsiri wanayemkubali. Siku ya miadi, SGR ya asubuhi inakufikisha Dar na jioni uko nyumbani, lakini usiipange safari hiyo kabla faili halijakamilika. Mtu aliyekosa karatasi moja huwa anapangiwa tarehe ya mbali.

Mtoto wa miaka saba hana tatizo. Wazazi wote wawili watakuwa kule, cheti chake cha kuzaliwa kina majina yenu, atakwenda na wewe.

Binti yako wa Kondoa ndiye anayehitaji utulivu. Yeye si mtoto wa mkeo kisheria, kwa hiyo hafuati kibali cha mkeo, anafuata chako. Ujerumani inamruhusu mtoto asiyeoa wala kuolewa, aliye chini ya miaka 18, kuungana na wazazi wake wote wawili, au na mzazi mmoja mwenye mamlaka ya malezi peke yake. Mama yake yupo hai Singida. Kwa hiyo unahitaji ama uamuzi wa mahakama unaokupa malezi, ama ridhaa ya mama iliyothibitishwa rasmi kwamba binti ahame moja kwa moja, si aende kusalimia. Mimi ningekwenda na vyote viwili. Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, Mahakama ya Watoto inaweza kutoa amri ya malezi baada ya kupata taarifa ya ofisa ustawi wa jamii, na amri hiyo ina uzito kuliko karatasi mliyosainiana kwa mwenyekiti wa mtaa. Bibi wa Kondoa atatakiwa kusema mtoto ameishi naye tangu lini, basi umwandae. Kwenda Singida, nenda wewe mwenyewe na mtu mzima wa ukoo, usipeleke ujumbe kwa simu. Mama akihisi mtoto anachukuliwa kimyakimya atakataa, na ana haki ya kukataa.

Umri wake nao unakimbia. Akifikisha miaka 16, mtoto asiyehama pamoja na mzazi wake anaweza kudaiwa Kijerumani cha ngazi ya C1, au dalili za wazi kwamba ataweza kuzoea maisha ya huko. Wanaangalia tarehe maombi yalipowasilishwa, si tarehe ya uamuzi. Kwa hiyo omba yako na yake siku moja, msafiri pamoja, na kabla hajatimiza 16. Kama mahakama itachelewa, kuna swali ambalo ni lako wewe kama baba: je, uwasilishe maombi yako na ya mdogo, yeye abaki amalize kidato cha nne? Kwa mtazamo wangu, ukimwacha ukijipa ahadi ya "mwaka kesho", mara nyingi ndiyo umemwacha. Lakini binti wa miaka 15 aliyelelewa na bibi yake ana neno la kusema pia, na ofisa wa ustawi wa jamii atamuuliza. Muulize wewe kwanza. Akibaki, baada ya kidato cha nne anaweza kujifunza lugha na kuomba mafunzo ya kazi kule kwa jina lake mwenyewe. Njia hiyo ni ndefu, lakini haitategemea kibali cha mtu mwingine.

Jambo moja wanaume hawapendi kulisikia, na nakuambia kwa sababu ni wewe unayemfuata mke. Kibali chako hakiwezi kuishi kuliko chake, na mkitengana mapema unaweza kukipoteza. Haki ya kubaki kwa miguu yako mwenyewe inakuja kwa kawaida baada ya miaka mitatu ya kuishi pamoja kama mume na mke ndani ya Ujerumani, isipokuwa kuwe na ugumu wa pekee kama vile ukatili wa nyumbani. Kwa hiyo usimwandikie Mkurugenzi wa Jiji barua ya kuacha kazi mpaka viza ibandikwe kwenye pasipoti, na kama mwajiri wako anaweza kukupa likizo bila malipo, iombe. Nyumba ya Nkuhungu pangisha, usiuze.

Mkeo mwenyewe ana njia nzuri mbele yake. Mtaalamu wa 18a anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka mitatu ya kibali hicho, akiwa na Kijerumani cha B1 na michango ya pensheni ya kutosha, maana yake kuanzia Agosti 2027. Uraia wa Ujerumani sasa unawezekana baada ya miaka mitano, na tangu Juni 2024 Wajerumani hawamlazimishi mtu kuacha uraia wake wa kwanza. Sisi ndio hatujaruhusu uraia pacha kwa mtu mzima, kwa hiyo siku akichukua wa kule, anapoteza huu. Mjadala huo mfanyeni wawili, si yeye peke yake kwenye ofisi ya kule.

Mama mkwe. Watu wengi watakuambia haiwezekani, na hadi juzi walikuwa sahihi: mzazi wa mtu mzima alikubaliwa tu pale penye shida ya kupindukia, kiwango ambacho karibu hakuna aliyekifikia. Lakini mabadiliko yaliyoanza tarehe 1 Machi 2024 yanamruhusu mtaalamu aliyepewa kibali cha kundi hili kwa mara ya kwanza siku hiyo au baada yake kuwaleta wazazi wake. Kadi ya mkeo ni ya Agosti 2024, kwa hiyo anaingia kwenye dirisha hilo. Mama yako wewe, kwa upande mwingine, atahesabiwa tu kama mkwe wa mkeo baada ya wewe mwenyewe kuhamia na kuishi kule moja kwa moja. Kikwazo cha mama mkwe ni bima ya afya. Hawezi kuingia chini ya bima ya umma ya binti yake kama wewe na watoto, na kampuni binafsi zinazokubali kumpokea mtu mwenye umri mkubwa na sukari au presha hutoza pesa nyingi kila mwezi, zikikubali. Mkeo atafute kwanza barua ya kampuni ya bima yenye bei na masharti. Bila hiyo maombi hayasimami. Mshahara nao lazima ubebe mdomo mmoja zaidi baada yenu nyote, na kwa hesabu niliyoifanya hapo juu, sioni wakimpitisha mwaka uleule mnapokwenda ninyi.

Kwa sasa mwombeeni viza ya Schengen ya matembezi, kwa uwazi, mkitaja kwamba anakwenda kumwona binti yake. Ada yake ni yuro 90, bima ya safari isipungue yuro 30,000, na barua ya mwaliko mkeo aisaini mbele ya ofisi ya wageni ya mji wake akikubali kugharimia. Mama awe na uthibitisho wa kinachomrudisha: shamba la alizeti au zabibu, wajukuu, nyumba, kikundi cha akiba. Na arudi kabla ya siku zake kwisha, kwa sababu viza hiyo ya kwanza ndiyo itakayosomwa siku atakapoomba ya kukaa.